Karakana ya pamoja: tununue mashine kwanza au tutafute watu kwanza?

Mchomeleaji_Moro

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja maana nimechoka kubishana kwenye grupu la wasap.

Tupo saba. Watano tumepita chuo cha ufundi VETA, uchomeleaji na useremala, wawili wamejifunzia gereji tu lakini kazi wanaijua kutuzidi. Kikundi kimesajiliwa, tumeomba ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yao wanayogawa 4 vijana, 4 wanawake, 2 watu wenye ulemavu, na safari hii dalili ni nzuri. Kiwanja kipo Kihonda, Morogoro, cha baba wa mwenzetu, kimezungushiwa mabati na nguzo ya umeme iko karibu. Wazo ni karakana ya pamoja, yaani siyo kampuni ya watu saba, ni sehemu ambayo fundi yeyote wa mtaani asiye na mashine anakuja, analipia kwa siku au kwa mwezi, anapiga kazi yake anasepa, na sisi tunafanya zetu humo humo.

Sasa ugomvi. Mweka hazina wetu kaandika bajeti, karibu hela yote kaimwaga kwenye mashine. Plazma ya kukatia chuma, kompresa kubwa, mashine ya kupinda bomba, msumeno wa meza, randa ya umeme. Anasema watu wanafuata mashine, wee weka mashine watakuja wenyewe kama nzi kwenye embe.

Mi roho inasita. Kuna karakana niliwahi kufanyia mazoezi ya vitendo, siitaji jina, ililetewa mashine na wafadhili, mpya kabisa, nyingine bado zina nailoni. Miaka miwili baadaye nikapita kusalimia. Mashine tatu zimefunikwa turubai, kuku anataga juu ya benchi. Nikauliza imekuwaje, nikaambiwa mkanda ulikatika. Mkanda jamani!! Kitu cha elfu kumi na kitu.

Nikijaribu kumwelezea mweka hazina naishia kusema "watu kwanza, watu kwanza" kama mchungaji, hoja sina. Nyie mliokaa kwenye karakana za kushea, zinazodumu zinadumu kwa sababu gani?

---

Randa_Keko

Mkuu, huo mkanda haukukosa hela. Ulikosa mwenyewe.

Sisi hapa Keko, Dar, tuko sita tunatumia mashine moja ya kupiga randa. Tulichanga, kila mtu kiasi chake, mwingine alileta hela mwingine alileta mbao. Siyo mashine ya maana sana, imeshafunguliwa mara nyingi hadi boliti hazifanani. Nikusimulie kitu kimoja tu.

Mwaka wa kwanza kuna mtu alipitisha ubao wa zamani wenye msumari ndani. Visu vikamegeka. Akazima, akaondoka kimya kimya. Asubuhi mwenzetu anapitisha mninga wa mteja unatoka na mistari kama umekwanguliwa na paka. Ugomvi wa wiki nzima, kila mtu anamwangalia mwenzake, wawili wakawa hawasalimiani. Tukataka kuweka faini. Mzee mmoja pale, yeye hata siyo mwanachama, anauza msasa na gundi nje, akatuambia mkiweka faini mtazidi kufichana. Tukakaa tukakubaliana hivi: ukiharibu kitu ukasema siku hiyo hiyo, gharama tunagawana sita. Ukificha tukakugundua, unalipa peke yako.

Basi hadi leo mtu akivunja kitu anapiga simu saa nne usiku, "jamani nimeua visu." Tunatukana kidogo, tunachanga, asubuhi vinanolewa. Mashine haijawahi kulala zaidi ya siku mbili. Na sumaku ya kupitisha kwenye mbao za zamani kutafuta misumari alikuja nayo yule yule aliyeficha mwanzo, aliitoa kwenye spika mbovu.

Sasa niambie hicho kitu unakiandika wapi kwenye bajeti ya mweka hazina.

---

Nyundo_Kamukunji

Naongea nikiwa Nairobi. Baba yangu amegonga mabati Kamukunji tangu nikiwa mtoto, shule nimesomeshwa na karai na masanduku, kwa hivyo hii kitu naijua.

Ukiingia pale kwanza ni kelele, nyundo mpaka mnaongea kwa mikono. Halafu tafuta mashine ni gani. Hutaziona nyingi. Fuawe ni kipande cha reli ya treni kimelazwa chini, kuna nyundo, kuna mkasi wa bati, kuna patasi, kuna chaki. Siku hizi wengine wako na welding na grainda lakini ukitoa hizo bado kazi inaendelea. Na hapo ndipo masufuria, majiko, wilbaro, masanduku ya wanafunzi zinatoka, watu wanakuja kununua kwa jumla wanapeleka kila kaunti.

Sasa Januari. Watoto wanaingia sekondari, kila mzazi anataka sanduku, na mwenye duka anakupigia anataka mia mbili kwa wiki moja. Peke yako huwezi hata usipolala. Kwa hivyo unakata mabati, jirani anakunja, mwingine anaweka bawaba na kitasa, mwingine anapiga rangi, mwisho wa wiki mnagawana. Hakuna mkataba, hakuna kuandikishana. Lakini ukidhulumu mtu mara moja, Januari ingine hakuna mtu atakushikia bati ukikata. Hiyo ni benki bana. Ukifilisika kwa hiyo benki hata uwe na mashine gani umeisha.

Kitu ingine. Ile jiko yenye kiuno, bati nje udongo ndani, ilianza kusambaa miaka ya 80. Bati inagongwa na watu wa jua kali, ndani inachomwa na wafinyanzi. Hakuna kiwanda kikubwa kilisambaza. Mtu aliona jirani anagonga, akauliza vipimo akaambiwa, naye akaambia mwingine. Leo nasikia hata huko Bongo mnapikia.

Lakini nisikudanganye tukawa kama malaika. Nafasi watu wanapigania, madalali wanakula faida, na kuna wenye hawatakuonyesha kitu mpaka ulete soda. Ni watu tu.

---

Kereza_Tabata

Naona mnaimba kwaya hapa.

Udugu haukati chuma. Mimi nina leth, mashine ya kukereza vyuma. Mteja akiniletea shafti ya mashine ya kusaga imelika milimita mbili nikamwambia "samahani mashine hatuna ila tunapendana sana", atakaa? Anaenda kwa mwenye leth hata kama huyo mwenye leth ana roho mbaya kuliko shetani. Tuheshimu vyuma wakuu. Watu wanaosema vifaa si muhimu mara nyingi ni wale wenye vifaa tayari.

Huyo Nyundo anasema mkasi na reli vinatosha. Kwa karai sawa. Kakereze bushi ya pampu kwa mkasi tuone.

Ila kwa bajeti ya huyo mweka hazina naona kuna tatizo lingine hamjaliona. Kaweka plazma na kompresa. Ameweka kichuja maji cha hewa? Hewa ya kompresa ina unyevu, na hapo Moro mkiwa na mvua ndo balaa, ule unyevu ukifika kwenye tochi ya plazma unakula nozeli na elektrodi kama karanga. Mtanunua nozeli kila wiki, baadaye mtachoka, mtaifunika turubai, na kuku atakuja. Nunueni vichache, vizuri, hata mtumba, vyenye vipuri vinavyopatikana Kariakoo. Mashine tano za bei rahisi ni mizigo mitano.

---

Randa_Keko

Mzee Kereza shikamoo. Swali dogo tu. Leth ulijifunzia wapi?

---

Mama_Ovaloki

Jamani mi nashona, sichomelei, ila hii mada inanihusu kuliko mnavyodhani.

Kabla hamjaanza kusifia umoja niwaambie niliwahi kuingia karakana ya pamoja iliyokuwa na umoja kweli kweli. Wote washikaji, wamesoma pamoja, wanaitana majina ya utani, wakicheka wanacheka wote. Mimi nimelipa ada ya mwezi kama wao. Nikisogea kwenye mashine naambiwa "ngoja dada nikufanyie." Nikisema nataka kufanya mwenyewe, "utaumia dada." Mwezi mzima nimefanyiwa, nimetumwa chai mara tatu, nimejifunza sifuri. Na choo chao hakina komeo, mlango unaushika kwa mkono huku umechuchumaa. Nikaondoka na hakuna aliyeuliza yule dada kaenda wapi. Kwa hiyo mkisema watu kwanza, semeni watu gani, maana kundi la marafiki kwa mgeni ni ukuta tu.

Sasa hivi niko Tanga, tuko wanawake wanane, kila mtu ana cherehani yake nyumbani, ila ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke, ni moja tu, iko kwangu kwa sababu kwangu ndo kuna umeme wa uhakika na geti linafunga. Tulianza kama kikoba, tulikuwa tunakopeshana hela kabla hatujakopeshana mashine, na nadhani ndo kilichotusaidia, tulishajuana nani analipa kwa wakati na nani anahitaji kukumbushwa kwa upole. Juu ya ovaloki kuna kopo la maziwa lina sindano. Ukivunja sindano unachukua mpya koponi, ukipata hela unarudisha mbili. Hakuna daftari. Kopo halijawahi kuisha miaka mitatu hii, wakati mwingine nalikuta limejaa hadi najiuliza nani kavunja sindano zote hizo.

Mwaka jana mwenzetu alipata sare ya harusi, magauni arobaini, siku tisa. Tukagawana, huyu anakata, wawili wanashona mwili, mwingine mikono, ovaloki ikawa inakwenda zamu hadi saa saba usiku, watoto wamelala kwenye vitambaa. Ile mashine ingekuwa yake peke yake ingemsaidia nini? Angekuwa na ovaloki na magauni thelathini ambayo hayajaisha.

Mgeni akija siku ya kwanza, sisi tunampa mashine aishike. Akiharibu aharibu, kitambaa cha kujifunzia kipo. Hiyo ndo sheria pekee ambayo mimi huwa naipigia kelele.

Na huyo kijana wa Morogoro, wekeni choo. Chenye komeo. Kabla ya plazma.

---

Mchomeleaji_Moro

Dada Ovaloki umenipiga hapo kwenye choo. Kwenye bajeti hakuna choo kabisa, nimeangalia sasa hivi.

---

Mbeba_Boksi_NL

Salamu kutoka Uholanzi, baridi kali, nimetoka shifti sasa hivi kwa hiyo nikichanganya mnisamehe.

Mwambie mweka hazina wako akasome habari za TechShop ya Marekani. Ilianza 2006 huko Menlo Park, California, na ndo ile ndoto yake yeye hasa, mashine kila aina, leza, za kufrezi (kuchonga chuma), za mbao, za kuchomelea, cherehani, unalipa kwa mwezi kama jimu unaingia unatengeneza. Na vitu vilitoka kweli, ile mashine ndogo ya Square ya kupitishia kadi kwenye simu, mfano wake wa kwanza ulitengenezwa pale. Wakafungua matawi miji mingi. Halafu Novemba 2017 ikafilisika na milango ikafungwa yote kwa mpigo, bila taarifa, watu wanaambiwa karakana yao haipo. Mashine hazikuwa na tatizo lolote! Tatizo kila mashine ina kodi ya sakafu iliyokalia, ina fundi wa kuitunza, ina umeme, ina bima, na ada za wanachama hazikufikia hapo.

Upande wa pili, hapa kuna kitu kinaitwa Repair Café, kilianza Amsterdam 2009, mama mmoja mwandishi wa habari anaitwa Martine Postma ndo alikianzisha, leo kipo nchi nyingi. Mimi naenda cha mtaani kwetu mara moja kwa mwezi. Ukumbi wa kanisa, meza za kukunja, bisibisi, mita ya umeme, soda waya, cherehani mbili. Vyote vinaenea kwenye gari dogo. Wanaotengeneza ni wazee waliostaafu, mmoja alikuwa fundi wa meli. Mara ya kwanza nilipeleka redio, nikamkabidhi nikakaa pembeni na simu yangu kama mteja. Akanigeuzia redio, akanipa bisibisi, akaninyooshea kiti. Kiholanzi changu kibovu, yeye Kiingereza hataki, tukaelewana kwa kuoneshana vidole. Ilikuwa kapasita imevimba. Sasa hivi mimi nakaa upande ule mwingine wa meza, nachukua feni na pasi za watu, na kusema ukweli lugha nimejifunzia pale kuliko darasani.

Na Afrika tunao. Lomé, Togo, kwenye karakana ya vijana inaitwa WoeLab, mwaka 2013 Afate Gnikou alitengeneza printa ya 3D kwa mabaki ya skana na kompyuta za dampo, akaiita W.Afate. Kwa hiyo kuna mahali mashine ilizaliwa ndani ya karakana, watu wakiwa tayari wapo. Mzee Kereza ana hoja kuhusu vyuma, simpingi, ila mfuatano una maana yake.

Ila na huku siyo peponi. Cha mtaa wa pili kilikufa, mzee mmoja alikuwa anashika funguo na kila kitu, alipougua kikafa naye. Msimpe mtu mmoja funguo zote hata kama ni mtakatifu.

---

Kereza_Tabata

@Randa_Keko marahaba. Unanitega.

Haya. Mtaa wa Gerezani hapa Dar, miaka ya 90. Nilifagia chenga za chuma karibu mwaka mzima kabla sijaruhusiwa kushika gurudumu la leth. Mzee alikuwa mkali, ukikosea kipimo anakurushia kile ulichokereza. Lakini jioni akishazima anakwambia kaa hapa, anakuchorea kwa chaki kwenye sakafu pembe ya kunoa kisu, anafuta, anakwambia chora wewe. Hakunitoza hata senti. Alikuwa anasema na yeye alifundishwa hivyo.

Kuna siku gia ya leth ilivunjika meno mawili. Kiwanda kilichoitengeneza kilishakufa Ulaya zamani, kipuri hakuna. Mzee akavuka barabara kwa jamaa mwenye mashine ya kufrezi, ambaye kwa kweli walikuwa wanagombea wateja na walikuwa hawapendani. Yule jamaa akasimamisha kazi yake, akajazia yale meno kwa kuchomelea, akayakata upya moja moja hadi usiku. Mzee akatoa hela, jamaa akakataa, akasema utanilipa siku yangu ikifika. Ilifika kweli, miaka minne baadaye, tulimkerezea spindo.

Najua mnacheka huko. Chekeni. Bado nasema yule jamaa ALIKUWA NA MASHINE YA KUFREZI. Bila hiyo angetupa pole na maji ya kunywa.

---

Nyundo_Kamukunji

😂😂 Mzee ameungama mwenyewe na bado anapinga. Heshima yako.

---

Mama_Ovaloki

Mzee Kereza, na wewe unafundisha wangapi sasa hivi?

---

Kereza_Tabata

Hakuna. Vijana wa siku hizi hawataki kufagia.

---

Mchomeleaji_Moro

Wakuu narudi na mrejesho, tumekaa kikao jana, kilikuwa cha moto.

Niliwasomea hizi post zote kwa sauti, ya magauni arobaini nimeisoma mara mbili. Mweka hazina amekataa katakata kwamba amekosea ila kalamu kaitoa mwenyewe akaanza kufuta. Plazma imetoka. Kompresa imebaki ndogo, ya rangi tu. Tumeweka mashine mbili za kuchomelea, grainda, drili ya mezani mtumba, na zilizobaki: paa, benchi ndefu ya watu kumi, tangi la maji, CHOO na komeo lake, na fungu la vipuri ambalo haligusiki kwa kitu kingine. Sheria ya Keko ya kusema siku hiyo hiyo tumeichukua kama ilivyo. Funguo zitakuwa na watu watatu. Kwenye ada bado hatujaelewana, wengine wanataka kwa siku, wengine wanataka anayekosa hela afundishe au afanye kazi ya karakana, hapo tumeahirisha maana ilikuwa saa tano usiku.

Halafu leo asubuhi nimepita kule kwenye kuku. Nikamwambia mlinzi sisi tuko tayari kununua ile drili ya mezani kama ilivyo, mkanda tutaweka wenyewe. Akasema lazima niongee na kamati. Nikauliza kamati inakaa lini. Akafikiri, akasema haijakaa tangu mwaka juzi. Nikamuuliza mwenyekiti ni nani sasa, akasema hilo ndo wanasubiri kamati ikae iamue. Kuku bado yupo, ana vifaranga.

Mzee Kereza, shikamoo. Kuna wenzetu wawili hapa wanataka leth, mmoja ni msichana, wote wameshafagia sana gereji, ufagio hawauogopi. Ungewapokea hata miezi mitatu? Nauli ya kuja Dar tunawachangia.

---

Kereza_Tabata

Waje wawili, siyo saba. Ovaroli na viatu vya kufunika, na huyo binti afunge nywele zote ndani ya kofia, leth haina huruma. Simu zikae mfukoni. Malazi mtafute, hapa kwangu ni chumba kimoja. Chakula kipo kwa mama ntilie hapo getini, mwambieni ni wanafunzi wangu atawaandika kwenye daftari langu.